Ni ndoto tu, lala

Ilikuwa saa nane usiku na dakika chache. Mlango wa chumba changu ulisukumwa taratibu, na mpwa wangu akasimama kizingitini, amekumbatia mto wake kama abiria mwenye mzigo. Ana miaka saba. Mama yake, dada yangu, alikuwa zamu ya usiku, na mimi ndiye niliyeachiwa nyumba.

Hakuwa analia. Angelia ingekuwa afadhali. Kilio nakijua dawa yake.

"Mjomba, yule mtu amerudi."

"Mtu gani?"

"Wa dirishani."

Akanieleza kwa utulivu wa karani anayesoma orodha. Mtu mrefu. Hana uso. Anagonga kioo kwa ukucha mmoja, mara tatu, ananyamaza, kisha mara tatu tena. Nikasema kile ambacho sisi watu wazima tumewaambia watoto tangu enzi na enzi:

"Ni ndoto tu. Nenda kalale."

Akaniangalia kwa ile huruma waliyo nayo watoto kwa mtu mzima mgumu wa kuelewa.

"Lakini anakuja nikilala."

Sikuwa na la kumjibu.

Nikasogea, akapanda kitandani, na haikupita robo saa alikuwa anakoroma na kunipiga mateke ya mbavu. Aliyebaki macho mpaka alfajiri ni mimi, natega sikio dirishani kama mjinga. Hiyo ni wiki sita zilizopita, na jibu lake bado halijanitoka.

Kanda yenye rangi ya kutu

Usiku uliofuata nilifanya jambo ambalo mzazi mwenye akili asingelifanya. (Mimi si mzazi, huo ndio utetezi wangu.) Mtoto alipolala, nikavaa hedifoni na kutazama tena A Nightmare on Elm Street, ile ya kwanza kabisa, ya mwaka 1984, ya mwongozaji Wes Craven.

Niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na miwili, kwenye kanda iliyonakiliwa mara nyingi hadi damu yake imekuwa na rangi ya kutu. Kisa chenyewe sitakirudia. Hata asiyeiona filamu anamjua Freddy: kofia, sweta la mistari myekundu na ya kijani, glavu yenye visu. Mimi pia nilidhani naijua. Ukiniuliza mwezi mmoja kabla ya usiku ule, ningekwambia ni filamu ya mtu aliyeungua anayewaua vijana ndotoni.

Nilichokuwa nimesahau ni wazazi.

Dakika chache tu baada ya filamu kuanza, msichana aitwaye Tina anazinduka kutoka kwenye jinamizi. Gauni lake la kulalia limechanika mahali panne, michirizi minne iliyonyooka kama imepimwa. Mama yake anachungulia, anaona mchaniko, na badala ya kuuliza nani kafanya hivyo, anamwambia akate kucha au aache kuota ndoto za namna hiyo, achague moja.

Nilisimamisha filamu hapo.

Aache kuota! Kama vile ndoto ni tabia, kama kula kucha au kujibu wakubwa. Nilitaka kumcheka mama yule, lakini kicheko hakikuja, kwa sababu saa ishirini tu zilikuwa zimepita tangu nami nitoe ushauri wa ukoo uleule.

Toka hapo nikawa nawatazama watu wazima tu. Baba wa Nancy, msichana ambaye filamu inamfuata, ni polisi, hasikii. Mama wa Nancy anaweka nondo madirishani ili binti awe salama, akisahau kwamba adui hapiti dirishani, na nondo zile ndizo zitakazomfungia binti ndani pamoja naye. Daktari wa usingizi ana mashine na tabasamu. Wote wanampenda. Hakuna hata mmoja anayemtakia mabaya. Na wote, mmoja baada ya mwingine, wanamsukumia palepale kwenye hatari kwa neno lilelile la upole: lala, upumzike.

Freddy mwenyewe haonekani sana. Jumlisha sekunde zote mwigizaji wake, Robert Englund, anazotokea mbele ya kamera, dakika kumi hazifiki. Filamu iliyobaki imejaa watu wanaojaribu kuaminika, na watu wanaokataa kuwaamini.

Kijana wa gazetini

Craven alieleza mara nyingi wazo lilikotoka. Alisoma katika Los Angeles Times habari ya familia iliyotoroka mauaji ya Kambodia na kufika Marekani salama. Mambo yakawa sawa, mpaka kijana wao alipoanza kuota majinamizi. Akawaambia wazazi kwamba kuna kitu kinamfukuza, na akilala kitamkamata. Akajizuia kulala kwa siku kadhaa. Hatimaye usingizi ukamshinda, na wazazi wakashukuru kwamba tatizo limekwisha. Usiku wa manane wakasikia mayowe. Walipomfikia alikuwa amekwisha kufa.

Nilikuwa naijua habari hii kwa miaka mingi, kama ile mizaha ya "unajua filamu ile ilitokana na kisa cha kweli?" Safari hii niliisoma nikakwama kwenye kipande kimoja: wazazi wakashukuru.

Hebu waza. Mtoto hajalala siku tatu, nne. Unamwona amelala fofofo. Unamfunika shuka. Unazima taa.

Na hakuwa peke yake. Kuanzia mwaka 1977, madaktari Marekani walianza kupokea maiti za wanaume vijana, wenye afya, waliolala wazima na hawakuamka. Wengi wao walikuwa Wahmong, wakimbizi kutoka Laos. Mwaka 1981 vifo vilizidi, hata kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa kikatoa taarifa. Uchunguzi wa maiti haukuonyesha kitu. Wahmong wenyewe walikuwa na jina, dab tsog, pepo anayekuja usiku kumkalia mtu kifuani. Wafilipino nao wanakijua kifo cha namna hii na wanakiita bangungot. Neno hilohilo kwao ni jinamizi.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna haja ya kutafsiriwa hapo. Kwetu jinamizi halikuwahi kuwa ndoto mbaya tu. Mtu hasemi "niliota jinamizi" na kuishia hapo. Anasema jinamizi lilinikaba, lilinilalia, nilitaka kupiga kelele sauti haikutoka. Lugha iliamua zamani kwamba kile ni kitu kinachokuja.

Mwaka 1992 ndugu wawili, Pedro na Josep Brugada, madaktari wa moyo, walieleza hitilafu ya umeme wa moyo ambayo haionekani kwenye maiti, kwa sababu nyama ya moyo yenyewe haina kasoro. Baadaye watafiti waliona kwamba vifo vingi kati ya vile vya usingizini Asia ya Kusini Mashariki vinafanana na ugonjwa huo. Mapigo huvurugika mtu akiwa amepumzika, mara nyingi usiku.

Kwa hiyo huenda kijana yule alikuwa na hofu ya kitu sahihi. Jina tu ndilo hatukuwa nalo.

Hapa ndipo ninapoona kinyaa kidogo na filamu ninayoipenda. Watu waliokufa walikuwa wakimbizi. Wahmong walipigana vita vya Marekani kule Laos, wakapoteza nchi, wakafika ugenini na kufia vitandani. Kwenye filamu hawamo. Nafasi yao imechukuliwa na vijana weupe wa mtaa wenye bustani za mbele. Nimejaribu kumtetea Craven kwamba habari ile haikuwa yake kuisimulia, kwamba angewasimulia wao pengine angewaharibu. Siku nyingine utetezi huo unanitosha, siku nyingine hautoshi. Alichokichukua kwao na kukitunza ni kile kipande kilichonikwamisha: mtoto anasema ukweli, na mkubwa anamfunika shuka.

Mnong'ono

Kuna tukio la darasani ambalo sasa nimelirudia zaidi ya mara kumi.

Tina amekwisha kuuawa. Nancy yuko shuleni, hajalala vizuri, kichwa kinamwelemea. Mwanafunzi mmoja amesimama mbele anasoma Shakespeare kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa. Nancy anaegemea mkono. Na mwanafunzi anaendelea kusoma, ila sauti yake imeshuka, imekuwa mnong'ono, na maneno yanazungumzia ndoto mbaya. Nancy anageuka mlangoni. Tina amesimama pale, ndani ya mfuko wa maiti.

Tafuta pale alipopitiwa na usingizi. Hupaoni.

Hakuna ukungu wala kinubi, na picha haitikisiki kama maji. Darasa ni lilelile, madawati yaleyale, taa zilezile mbaya za shule. Nilidhani nikirudisha nyuma kwa makini nitakuta mahali walipokata, nikarudisha fremu kwa fremu, saa sita usiku, mtu mzima mwenye kazi asubuhi. Alama pekee ni ule mnong'ono, na unapousikia umeshachelewa, umo ndani pamoja naye.

Filamu nyingi za ndoto hukupa mlango. Unaona mtu anaingia, unajua atatoka. Hii inakunyima mlango, na baada ya tukio la darasani huamini tena chochote. Nancy akiwa jikoni unajiuliza: yuko macho? Akiongea na simu: yuko macho? Mtazamaji anaanza kuishi kama mtu asiyelala, anakagua kila chumba.

Umaskini au ujanja?

Rasimu yangu ya kwanza ya makala hii ilikuwa na nadharia safi kabisa. Ilisema: mpaka haupo kwa sababu pesa hazikuwepo. Studio kubwa ziliukataa mswada, ukaokotwa na New Line, kampuni ndogo ya usambazaji ya Robert Shaye. Bajeti ilikuwa dola milioni moja na ushee, pesa ndogo sana kwa Hollywood hata wakati ule. Ungejenga vipi ulimwengu wa ndoto kwa fedha hizo? Hujengi. Unapiga picha za ndoto kwenye vyumba vilevile ulivyopigia za mchana. Umaskini ukazaa sanaa, na kadhalika. Nilikuwa hata na kichwa cha habari.

Kisha nikaangalia pesa ilikwenda wapi, na nadharia ikafa.

Kwa sababu walijenga chumba kinachozunguka. Chumba kizima cha kulala, fanicha zimepigiliwa, kimewekwa kwenye mhimili, na watu wanakizungusha kwa mikono huku kamera imefungwa ndani na kuzunguka nacho. Ndivyo Tina alivyoburutwa ukutani hadi darini: yeye alikuwa anatambaa sakafuni, sakafu ndiyo iliyohama. Kwa kifo cha Glen, mpenzi wa Nancy (huyo ni Johnny Depp, filamu yake ya kwanza), walikigeuza chumba juu chini na kumwaga mapipa ya maji mekundu ili yaonekane yanapanda kutoka kitandani kwenda darini. Maji yakahamia upande mmoja, chumba kikaelemewa na kuzunguka chenyewe, taa zikafa, na Craven na mpigapicha wake wakabaki wananing'inia gizani kwenye mikanda ya viti.

Huo si ubahili. Ni watu waliojua hasa wanataka kutumia senti yao wapi.

Tazama walichokinunua: kitanda kinachomeza mtu, na beseni la kuogea lisilo na kitako, limewekwa juu ya tangi la maji, ili mkono uibuke katikati ya miguu ya msichana anayesinzia. Ngazi za nyumbani zinageuka uji. Walitumia unga wa kupikia keki za kikaango, na wazo lilitoka kwenye jinamizi la Shaye mwenyewe. Ukuta juu ya kitanda alicholalia Nancy unavimba na kuchukua umbo la mtu anayetaka kutoka. Ukuta ule ni kitambaa cha kunyumbulika tu, aina ya spandeksi, na nyuma yake yuko fundi wa mitambo Jim Doyle, anasukuma kwa uso na mikono.

Nimeutazama ukuta huo karibu. Unapovimba, hakuna mkunjo. Nancy amelala, na ile rangi ya kawaida kabisa ya ukuta inajinyoosha taratibu juu ya paji la uso, pua, vidole. Miaka ishirini na sita baadaye waliitengeneza upya filamu hii, wakaurudia ukuta huo kwa kompyuta, kwa pesa nyingi mara kadhaa. Haukunitisha. Ule wa kompyuta ni picha ya kitu kinachotokea ukutani. Ule wa 1984 ni ukuta.

Kitanda, bafu, ngazi, ukuta, simu. Sio vitu vya ndotoni hata kimoja. Ni orodha ya vitu ambavyo mtoto akiogopa tunamwonyesha kumtuliza: ona, ni ukuta tu, gusa.

Nilienda kugusa wa kwangu. Nakiri.

Saa 264

Nancy anakaa siku saba bila kulala. Ana mashine ya kahawa ameificha chumbani. Mama akimnyang'anya kikombe, anangoja mlango ufungwe na kumimina kingine. Kuna mahali anasema ameangalia rekodi, ni siku kumi na moja, na ataivunja. Hiyo rekodi iliwahi kuwepo: Randy Gardner, mwanafunzi wa San Diego mwenye miaka 17, alikaa macho saa 264 kati ya Desemba 1963 na Januari 1964.

Ambalo Nancy hakusema ni kwamba mwili haukubali mkataba huo. Mtu aliyekosa usingizi sana hupitiwa kwa sekunde chache macho yakiwa wazi, na hajui. Ubongo unazima taa kidogo na kuziwasha. Kwa hiyo kadiri unavyopigana usiingie ndotoni, ndivyo ndoto inavyokufuata huku nje. Craven aliigeuza fiziolojia hii kuwa kitanzi cha hadithi, tena kitanzi cha haki kabisa: silaha pekee aliyo nayo Nancy ndiyo inayobomoa uzio.

Upande wa pili wa uzio una hitilafu zake. Tangu Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago walipoeleza mwaka 1953 usingizi ule ambao macho hucheza chini ya kope, tumejua kwamba ndoto nyingi kali hutokea humo, na kwamba humo misuli hufungwa ili mtu asiziigize. Mara nyingine akili huamka kabla kufuli halijafunguliwa. Unaona chumba chako, dari yako, nguo zako mlangoni, na huwezi kuinua kidole. Na mara nyingi kuna mtu mle chumbani. Wahmong wamemwona, Wafilipino wamemwona, mimi nimemwona mara mbili nikiwa chuoni.

Wiki ya tatu ya mkasa huu nilipata kitu kingine. Niliamka na kiu. Nikaenda jikoni, nikajaza glasi, nikanywa nimesimama, nikaiweka juu ya meza karibu na sinki. Nyuma yangu dirisha likagongwa mara tatu.

Nikaamka na kiu.

Nilikaa kitandani muda mrefu. Hofu ilikuwa imekwisha. Lililobaki lilikuwa fedheha fulani, kama mtu aliyetapeliwa na anayemfahamu. Mwishowe nikaenda jikoni kuangalia ile glasi. Ilikuwa kabatini, imefunikwa, kavu kabisa.

Kwenye filamu, Nancy anazinduka katika maabara ya usingizi na kofia ya Freddy mkononi. Ameivuta kutoka kule. Kwa mara ya kwanza ana ushahidi, anaweza kumwekea mama yake mezani. Nilipokuwa mdogo niliona ni tukio la kutisha. Usiku ule, nikiwa nimesimama mbele ya kabati, nikamwonea wivu. Mpwa wangu hana kofia. Kila usiku anarudi kutoka huko mikono mitupu, na sisi tunamwambia hakwenda.

Mwisho waliougombania

Wes Craven aliwahi kusimulia kwamba akiwa mtoto Cleveland alichungulia dirishani usiku na kumwona mzee mwenye kofia barabarani. Mzee akasimama, akamwinulia macho, akamkazia. Mtoto akajificha, akahesabu, akachungulia tena. Mzee bado yupo, bado anamtazama, na dalili zote kwamba anafurahia. Kwa maneno ya Craven, Freddy alianzia hapo. Filamu haikuwa imeandikwa bado, na tayari ilikuwa na dirisha.

Nadhani ndiyo sababu alitaka mwisho alioutaka. Katika mswada wake, Nancy anampa Freddy mgongo. Anamwambia anachukua tena nguvu zote alizompa, kisha anageuka, na yeye anayeyuka. Asubuhi. Mama mzima, marafiki wazima, ukungu mwepesi. Basi. Mtoto wa dirishani hatimaye anashinda.

Shaye hakutaka. Alitaka ndoano ya mwisho, kitu cha kumrusha mtazamaji kitini na, bila shaka, kuacha mlango wazi kwa filamu ya pili. Walivutana, wakapatana kwa shingo upande. Ndio ule mwisho tunaoujua: gari lenye paa la mistari myekundu na kijani linajifunga vijana wakiwa ndani, na mama anavutwa kupitia kidirisha cha mlangoni. Anayevutwa ni mwanasesere, na anaonekana ni mwanasesere; miguu inapinda kama mpira. Kwa miaka yote nimeucheka mwisho huo. Nimewahi hata kubishana na rafiki hadi usiku, nikisema Shaye aliiharibu kazi ya mwenzake kwa ajili ya pesa. Na pesa aliipata: zaidi ya dola milioni 25 Marekani peke yake, na kampuni yake ikaja kuitwa nyumba aliyoijenga Freddy.

Lakini baada ya ile glasi kavu siwezi kucheka sana. Asubuhi yenye ukungu mwepesi ndicho hasa kitu ambacho ndoto hukupa ukiamka kabla hujaamka. Mwanasesere ni wa kijinga, sawa. Majinamizi nayo yana ujinga wake. Mkikaa mezani asubuhi kusimuliana, nusu ya mambo yanachekesha. Bado naona mwisho wa Craven ndio bora. Naona pia sikuuamini hata kidogo, na wala Nancy, ukimtazama usoni, hauamini vizuri.

Viatu

Kuna tiba ya majinamizi inayotumiwa na wataalamu wa usingizi, na niliposoma habari zake nilikaribia kucheka kwa jinsi inavyofanana na ugomvi wa Craven na Shaye. Mtu anaichukua ndoto inayomrudia, mchana, akiwa macho, anaiandika upya kwa mwisho mwingine anaouchagua mwenyewe, kisha anaupitia ule mwisho mpya akilini kila siku. Hakuna anayemwambia ni ndoto tu. Wanamwambia: hebu lete hiyo ndoto tuione.

Jumamosi niliweka karatasi na kalamu za rangi mezani. Nikamwomba mpwa wangu anichoree yule mtu.

Alichora dirisha kwanza, kwa rula. Kisha umbo refu jeusi, na mahali pa uso akaacha karatasi tupu. Ukucha aliuchora kwa uangalifu mkubwa, ulimi nje.

Nikatoa ushauri wangu wa kisomi. "Unaonaje ukimpa mgongo? Unamwambia sikuogopi, unageuka, anapotea."

Akafikiri.

"Nikimpa mgongo sitamwona akiingia."

Hapo filamu ya Craven imekaa miaka arobaini bila mtu wa kuiambia hivyo.

"Basi wewe unataka iishe vipi?"

Akavuta karatasi ya pili. Alichora mlango, ukiwa wazi. Alichora mtu mrefu, nje ya mlango. Alijichora yeye mwenyewe, mdogo, mkono mmoja kiunoni kama bibi yake akiwa na jambo. Nikauliza hapo anasema nini.

"Namwambia avue viatu."

"Kwanza?"

"Kwanza. Ni vichafu."

"Na akishavua?"

Akaniangalia tena kwa ile huruma. "Sijui, mjomba. Bado hajavua."

Kila jioni baada ya kupiga mswaki tukawa tunaipitia picha: mlango, mkono kiunoni, viatu. Dada alipoiona kwenye friji aliuliza huyo mgeni ni nani, akajibiwa kwa ufupi kwamba ni wa dirishani lakini sasa anapitia mlangoni. Dada akanitazama. Nikamwambia nitamweleza.

Siku tisa zikapita kimya. Juzi, saa nane usiku na dakika chache, mlango wa chumba changu ukasukumwa. Alisimama kizingitini bila mto.

"Mjomba. Amevua."

Akageuka, nikasikia nyayo zake kwenye korido, kitanda kikalia kidogo, kimya. Nililala chali nikihesabu pumzi. Kisha nikainuka, nikawasha taa ya sebuleni, na kwenda kuangalia mlangoni.